Kuhamisha faili kati ya kishikwambi na kompyuta ya nyumbani bila waya: mwongozo kamili

Kishikwambi na kompyuta viko juu ya meza moja. Unataka video ya dakika kumi itoke huku iende kule. Watu wengi ninaowasaidia hujitumia video hiyo kwa programu ya ujumbe, huifungua kwenye kompyuta na kuipakua, kisha huniuliza mbona imefifia. Imefifia kwa sababu ilisafiri hadi seva iliyo mbali, ikabanwa njiani ili iwe nyepesi, ndipo ikarudi chumba kilekile ilikotoka. Bando nalo limeliwa mara mbili, wakati wa kupanda na wakati wa kushuka.

Safari hiyo haina haja. Ruta yako, kile kifaa kinachotoa Wi-Fi, inaweza kuipokea faili kutoka kwenye kishikwambi na kuikabidhi kompyuta papo hapo, na itafanya hivyo hata siku ambayo intaneti imekatika. Faili ya nyumbani ihame ndani ya nyumba: hilo ndilo ninalolishikilia katika mwongozo huu wote. Nitaeleza njia ninazozitumia mwenyewe, na nitakaa zaidi kwenye folda ya pamoja, kwa kuwa ndiyo inayowashinda watu wengi na ndiyo yenye faida kubwa ikishakaa sawa.

Hakikisha kwanza vifaa vinaonana

Nikiitwa kumsaidia mtu aliyekwama, sianzi na programu. Naangalia kama vifaa vyote viwili viko kwenye mtandao mmoja kweli.

Soma jina la Wi-Fi kwenye kompyuta, kisha ulisome kwenye kishikwambi. Ruta nyingi hutoa Wi-Fi ya wageni kando ya ile kuu. Kifaa kilichoingia kwenye ile ya wageni hupata intaneti vizuri kabisa, lakini hakiruhusiwi kuviona vifaa vingine vya nyumbani, ndivyo ilivyokusudiwa. Kama kishikwambi kiko huko, kirudishe kwenye mtandao mkuu. Majina mawili yanayotofautiana kwa namba 2.4 na 5 peke yake hayana shida, kwani kwa kawaida ni milango miwili ya mtandao uleule.

Kisha tafuta anwani ya IP ya kila kifaa, yaani namba inayokitambulisha kwenye mtandao. Kwenye Windows fungua "Command Prompt", andika `ipconfig`, bonyeza Enter, na utafute mstari wa "IPv4 Address". Kwenye Mac ingia "System Settings", halafu "Wi-Fi", ubonyeze "Details" mbele ya jina la mtandao. Kwenye iPad gusa alama ya i iliyo kwenye duara pembeni ya jina la Wi-Fi. Kwenye Android gusa jina la mtandao uliounganishwa, ushuke hadi kwenye maelezo yake.

Utaona kitu kama 192.168.1.20 kwenye kompyuta na 192.168.1.34 kwenye kishikwambi. Katika mitandao ya kawaida ya nyumbani, mafungu matatu ya kwanza ya namba yakifanana, vifaa viko pamoja. Ukiona 192.168.1.20 huku na 192.168.0.15 kule, basi una mitandao miwili, na mara nyingi chanzo ni ruta ya pili iliyoongezwa ili Wi-Fi ifike vyumba vya mbali. Unganisha vyote kwenye ruta moja, au iweke ile ya pili ifanye kazi kama kituo cha Wi-Fi tu, sehemu inayoandikwa "Access Point" kwenye mipangilio yake. Andika anwani ya kompyuta kwenye karatasi, tutaihitaji.

Huna ruta kabisa? Washa hotspoti kwenye kishikwambi au kwenye simu, uviunganishe vifaa humo. Faili zinazopita kati yao hazigusi bando. Tahadhari ni moja: kompyuta ikiona intaneti inaweza kuanza kushusha masasisho yake kimyakimya. Kama hotspoti ni ya Android, zima data ya simu wakati unahamisha, au kwenye Windows ingia sifa za mtandao huo uwashe "Metered connection".

Kazi ndiyo inayochagua njia

Kutuma faili tano sasa hivi ni kazi moja. Kufungua maktaba ya video au hati zilizo kwenye kompyuta huku umelala na kishikwambi mkononi ni kazi nyingine. Kutaka kila picha mpya ijipeleke yenyewe kwenye kompyuta bila wewe kukumbuka ni kazi ya tatu. Watu huchoka kwa sababu hulazimisha njia moja ifanye zote tatu.

Kutuma mara moja: LocalSend

Kwa kazi ya kwanza, LocalSend ndiyo ninayoipendekeza kwa karibu kila mtu. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, haina matangazo wala haidai ufungue akaunti, na inafanya kazi kwenye Windows, Mac, Linux, Android na iPad. Faili husimbwa kwa njia fiche zikiwa njiani, na haipunguzi ubora wa picha wala video.

1. Isakinishe kwenye kompyuta kutoka localsend.org, na kwenye kishikwambi kutoka Play Store au App Store.
2. Ifungue pande zote mbili. Kila kifaa hujipa jina la kubahatisha lenye tunda ndani yake. Nenda kwenye mipangilio ulibadilishe liwe jina unalolitambua, hasa kama nyumbani kuna vifaa vingi.
3. Mara ya kwanza faiawoli ya Windows, yaani mlinzi wa milango ya mtandao, itauliza kama programu hii iruhusiwe. Kubali mitandao ya binafsi tu. iPad nayo itaomba ruhusa ya kutafuta vifaa kwenye mtandao wa ndani, kubali. Kama ulikataa kwa haraka, ruhusa hiyo iko kwenye "Settings", "Privacy & Security", kisha "Local Network".
4. Kwenye kifaa kinachotuma, gusa "Send", chagua picha, faili au folda nzima, subiri jina la kifaa cha pili litokee, uliguse.
5. Kwenye kifaa kinachopokea, gusa "Accept".

Kwenye kompyuta faili huangukia folda ya Downloads, na unaweza kuchagua nyingine. Kwenye iPad utazikuta ndani ya programu ya Files, kwenye folda yenye jina la LocalSend.

Jambo moja linakatisha kazi kuliko yote: skrini kuzimika. iPad huisimamisha programu ambayo haiko mbele, na vishikwambi vingi vya Android hubana programu ili kuokoa chaji. Ukiwa na faili kubwa, ongeza muda wa skrini kubaki ikiwaka, chomeka chaja, na usifungue programu nyingine hadi mstari ufike mwisho.

Kama jina la kifaa halitokei ingawa mko mtandao mmoja, huenda faiawoli imefunga mlango. LocalSend hutumia lango (mlango wa mtandao wenye namba) 53317, kwa TCP na kwa UDP, ambazo ni namna mbili za kusafirisha data. Ukiwa na programu ya antivirusi yenye faiawoli yake, mlango huo unapaswa kufunguliwa huko pia.

Kishikwambi cha Android kina Quick Share tayari, yaani njia yake yenyewe ya kutuma faili, na Google hutoa programu ya Quick Share kwa ajili ya Windows. Ile iliyoitwa Nearby Share ndiyo hiyohiyo. Iliunganishwa na Quick Share ya Samsung mwezi Januari 2024. Kompyuta iwe na Bluetooth na Wi-Fi, na kwenye mipangilio ya kuonekana chagua "Your devices" ili jirani asikuone. Mwenye iPad na Mac ana AirDrop, wala hahitaji kusakinisha chochote. Kama vifaa ni vya akaunti tofauti, chagua "Everyone for 10 Minutes", utume, na mlango utajifunga wenyewe.

Bluetooth ya kawaida iache kwa faili ndogo. Kasi yake halisi ni kama megabiti 2 kwa sekunde, yaani robo ya megabaiti. Video ya GB 4 ingechukua zaidi ya saa nne. Na iPad haipokei faili za kompyuta kwa Bluetooth hata ukifanikiwa kuvioanisha.

Folda ya pamoja: kishikwambi kiingie ndani ya kompyuta

Hapa hutumi kitu. Unaifungua folda ya kompyuta kutoka kwenye kishikwambi, unasoma, unanakili, unaweka faili mpya, kana kwamba folda hiyo iko ndani ya kishikwambi chenyewe. Lugha inayotumika kati ya vifaa inaitwa SMB, na Windows, Mac na Linux zote zinaielewa. Ukiipanga mara moja inadumu miaka.

Tuanze na Windows. Ninapendelea kutengeneza akaunti ndogo ya pekee kwa ajili ya kazi hii, na sababu yake niliijua kwa kupoteza jioni nzima. Nilikuwa nimeshapanga folda, nimeandika anwani sawasawa, na kishikwambi kikaniuliza jina na nenosiri. Nikaandika namba nne ninazozitumia kila siku kufungua kompyuta. Kikakataa. Nikarudia polepole, namba moja baada ya nyingine. Kikakataa. Nikafuta folda na kuipanga upya, nikawasha ruta upya, kikakataa. Kumbe namba zile ni PIN, na PIN hufungua kompyuta ileile peke yake, mbele ya kioo chake. Haipiti kwenye mtandao. Anayeingia kwa mbali anahitaji nenosiri lenyewe la akaunti, na kama akaunti ni ya Microsoft, jina la mtumiaji ni barua pepe nzima. Akaunti ndogo ya ndani inakuondolea utata huo, na pia kishikwambi kikiibwa mwizi hajapata nenosiri la maisha yako yote.

Kwenye Windows 11 itengeneze hivi. Ingia "Settings", "Accounts", "Other users", bonyeza "Add account". Itakapoomba barua pepe, chagua "I don't have this person's sign-in information", halafu "Add a user without a Microsoft account". Mpe jina fupi lisilo na nafasi, kwa mfano `kishikwambi`, na nenosiri refu. Usiliache nenosiri tupu. Windows haimruhusu mtu asiye na nenosiri kuingia kupitia mtandao.

Sasa iambie Windows kwamba mtandao wa nyumbani ni wa kuaminika. Kwenye "Settings" ingia "Network & internet", fungua sifa za mtandao uliounganishwa, uchague "Private network". Ikibaki kwenye "Public", kompyuta hujificha na kila utakachofanya baadaye hakitasaidia. Kisha katika "Advanced network settings" fungua "Advanced sharing settings", na chini ya "Private networks" washa "Network discovery" na "File and printer sharing".

Baada ya hapo tengeneza folda mpya, uiite `Pamoja`. Tafadhali usishiriki diski nzima ya C, wala folda yako yote ya mtumiaji. Kishikwambi hupita mikononi mwa watoto na wageni. Kione kile tu ulichokusudia kionwe.

1. Bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia, chagua "Properties", kisha ukurasa wa "Sharing", ubonyeze "Share".
2. Kwenye orodha chagua mtumiaji `kishikwambi`, ubonyeze "Add".
3. Mbele ya jina lake chagua "Read" kama unataka asome tu, au "Read/Write" kama ataweka na kufuta faili.
4. Bonyeza "Share", halafu "Done".

Kwenye Mac kazi ni fupi zaidi. Fungua "System Settings", "General", "Sharing", uwashe "File Sharing", kisha uguse alama ya i uongeze folda unayoitaka. Kama kishikwambi kinakataliwa, ingia "Options" uweke alama mbele ya akaunti yako chini ya sehemu ya "Windows File Sharing". Watumiaji wa Linux watasakinisha Samba, programu inayoipa Linux lugha hiyo ya SMB, na katika mazingira mengi kubofya folda kwa kulia kunatosha kuishiriki.

Turudi kwenye kishikwambi. Kwenye iPad fungua programu ya Files, gusa nukta tatu zilizo juu ya orodha ya pembeni, chagua "Connect to Server", uandike anwani uliyoiweka kwenye karatasi namna hii:

`smb://192.168.1.20`

Chagua "Registered User", weka jina `kishikwambi` na nenosiri lake. Folda itatokea chini ya "Shared". Hilo linawezekana tangu iPadOS 13 ya mwaka 2019, kwa hiyo hata iPad yenye umri kidogo inaweza.

Kwenye Android inategemea programu ya faili uliyonayo. My Files ya Samsung ina sehemu ya hifadhi za mtandao. Kama ya kwako haina, sakinisha Material Files, Solid Explorer au Cx File Explorer, uongeze hifadhi mpya ya aina ya SMB, kisha ujaze anwani, jina na nenosiri vilevile. Na kama lengo ni kutazama video tu, VLC inaweza kuingia kwenye folda hiyo na kuicheza moja kwa moja bila kuinakili kwanza, jambo linalookoa nafasi sana kwenye kishikwambi cha GB 32.

Utakutana na ushauri unaosema uwashe SMB 1.0 kwenye Windows ili kifaa cha zamani kiunganishwe. Usiufuate. Kirusi cha WannaCry kilichoenea duniani mwezi Mei 2017 na kukwamisha hata hospitali za Uingereza kilipita kwenye ufa wa SMB toleo la 1, na toleo hilo halisakinishwi tena kwenye Windows mpya kwa sababu nzuri. Programu ya kishikwambi isiyojua SMB 2 au 3, ibadilishe. Na usifungue kamwe lango 445, ambalo SMB hupitia, kwenye ruta ili uifikie folda hii ukiwa safarini. Ni kuiweka kompyuta barabarani.

Kompyuta isiyo yako, au kishikwambi kisichokubali programu mpya

Kuna siku huwezi kusakinisha kitu kwenye kishikwambi, labda ni cha shule au ni cha zamani mno. Kivinjari kinatosha. Kama kompyuta ina Python (lugha ya kuandikia programu), fungua dirisha la amri ndani ya folda yenye faili, uandike:

`python -m http.server 8000`

Kwenye Mac na Linux andika `python3` mahali pa `python`. Kisha kwenye kivinjari cha kishikwambi fungua `http://192.168.1.20:8000`, ukiweka anwani yako. Orodha ya faili itatokea, unagusa unayoitaka. Ni ya kupakua tu, haina nenosiri, na kila aliye kwenye Wi-Fi hiyo anaiona, kwa hiyo ukimaliza rudi kwenye dirisha la amri ubonyeze Ctrl na C.

Kasi inakoishia

Watu husoma kwenye kishikwambi kwamba Wi-Fi ina megabiti 80 kwa sekunde, wakategemea megabaiti 80. Baiti moja ni biti nane. Megabiti 80 ni megabaiti 10, na video ya GB 4 itachukua karibu dakika saba ikiwa hali ni nzuri. Ukijua hesabu hiyo hutaikatiza kazi inayokwenda vizuri.

Kama kompyuta nayo iko kwenye Wi-Fi, kila kipande cha faili kinapita hewani mara mbili: kutoka kishikwambini hadi kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta, mara nyingi kwa mawimbi yaleyale. Ukiiunganisha kompyuta na ruta kwa kebo ya mtandao, nusu ya safari inaondoka hewani, na kasi inaweza kukaribia kuongezeka maradufu. Kishikwambi kinabaki huru mkononi. Kwa pesa na jitihada ndogo kiasi hicho, sijaona badiliko jingine linalosaidia hivyo. La pili ni kutumia GHz 5 badala ya 2.4 ukiwa karibu na ruta. GHz 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni nyembamba, na imejaa vifaa vya majirani.

Picha 3,000 ndogo huchukua muda mrefu kuliko video moja yenye ukubwa sawa na zote kwa pamoja, kwa sababu kila faili ina salamu zake za kufunguliwa na kufungwa. Zifunge ziwe faili moja ya ZIP kabla ya kuzihamisha kupitia folda ya pamoja. Hazitapungua ukubwa, lakini zitakwenda kama mzigo mmoja. Kwenye Files ya iPad zichague, uguse "Compress".

Hesabu kabla ya kufuta

Sehemu hii naomba uisome polepole. Kishikwambi cha marehemu baba yangu kilikuwa na picha 2,318. Nilizihamisha usiku, nikaona mstari umesimama, nikadhani umekwisha. Kabla sijagusa kitufe cha kufuta nikabofya folda kwa kulia kwenye kompyuta, nikafungua "Properties" na kusoma idadi: 2,291. Skrini ilikuwa imezimika zikiwa zimebaki picha 27, na mojawapo ilikuwa yake akiwa ameshika mjukuu wake wa kwanza.

Tangu siku hiyo sifuti kitu kabla ya kufanya mambo matatu. Nalinganisha idadi ya faili pande zote mbili. Nalinganisha ukubwa. Kisha nafungua faili kadhaa kwenye kompyuta, ya kwanza, ya mwisho na chache za katikati, kuona kama zinafunguka.

Kwenye ukubwa kuna mtego. iPad huhesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja, ilhali Windows hugawanya kwa 1,024 mara tatu. Folda yenye baiti 4,000,000,000 kamili itaonekana ni GB 4 kwenye iPad na GB 3.72 kwenye Windows. Hakuna kilichopotea. Windows huandika idadi ya baiti pembeni ya ukubwa. Hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Kama iPad imewekwa kwenye "Optimize iPad Storage", picha asili ziko kwenye iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na kifaa kina nakala nyepesi tu. Badilisha iwe "Download and Keep Originals", uipe muda ishushe zote, ndipo uhamishe. Hapo intaneti itahitajika. Na picha za iPad zenye mwisho wa HEIC huenda zisifunguke kwenye Windows hadi usakinishe HEIF Image Extensions kutoka duka la Microsoft. Kwa picha zijazo, ingia mipangilio ya Camera, "Formats", uchague "Most Compatible", zitakuwa JPEG.

Faili ya GB 4 au zaidi kwa hesabu ya Windows haitaingia kwenye kadi ya kumbukumbu iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32, hata kadi ikiwa tupu. Iandae kwa exFAT baada ya kutoa kilichomo. Majina nayo yana adabu yake: Windows haikubali alama kama `?`, `*`, `:` na `"` ndani ya jina la faili. Ukiona faili moja inakataa huku nyingine zikipita, soma jina lake.

Zijihamishe zenyewe

Kwa kazi ya tatu natumia programu ya Syncthing. Unaisakinisha pande zote mbili, unavitambulisha vifaa kwa kuskani msimbo wa QR, unachagua folda ya picha, na kila vinapokutana kwenye Wi-Fi ya nyumbani husawazisha vyenyewe. Programu rasmi ya Android ilisimamishwa Desemba 2024. Inayoendelezwa sasa ni Syncthing-Fork. Kwenye iPad kuna Möbius Sync, ingawa masharti ya mfumo wake hufanya ihitaji kufunguliwa mara kwa mara.

Kusawazisha si kuhifadhi. Mtoto akifuta picha kwenye kishikwambi, ufutaji huo nao husafiri hadi kwenye kompyuta. Kwa hiyo kwenye upande wa kompyuta washa "File Versioning", ili faili iliyofutwa kutoka mbali iwekwe kando kwa muda utakaouchagua, na nakala nyingine ya picha muhimu ikae kwenye diski ya nje isiyohusika na mpango huu.

Ikikataa

VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, ndiyo ya kwanza kushukiwa. Ikiwa imewashwa kwenye kishikwambi au kwenye kompyuta, huweza kupeleka kila kitu nje na kukiacha kifaa cha jirani hakionekani. Izime, ujaribu. Ya pili ni kompyuta iliyolala: folda ya pamoja haifunguki kama kompyuta imejizima, kwa hiyo ongeza muda wake wa kulala inapokuwa kwenye umeme. Ya tatu ni kipengele cha ruta kinachotenganisha vifaa vya Wi-Fi visionane, kinachoandikwa "AP Isolation" au "Client Isolation". Kizime kwenye mtandao mkuu, kiache kwenye ule wa wageni. Kama nenosiri linakataliwa ingawa ni sahihi, futa muunganisho wa zamani kwenye kishikwambi uuandike upya, maana kinaweza kuwa kimelikumbuka lile la kwanza lililokosewa.

Na kuna ile inayokuja baada ya wiki: jana ilifanya kazi, leo haipatikani. Ruta hugawa anwani kwa muda, na kompyuta iliyokuwa 192.168.1.20 leo inaweza kuwa 192.168.1.27. Fungua mipangilio ya ruta kwenye kivinjari. Anwani yake ni ile iliyoandikwa "Default Gateway" ulipoandika `ipconfig`. Tafuta sehemu ya DHCP, ile inayogawa anwani, yenye maneno kama "Address Reservation", uchague kompyuta yako na kuifungia anwani moja. Kisha zima kompyuta, iwashe tena, na uiguse folda ya `Pamoja` kwenye kishikwambi bila kuandika chochote. Ikifunguka, rudisha karatasi ile mezani, hutaihitaji tena.